Vidonge Nilivyopumzisha Wakati wa Mbalamwezi

Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, nikadhani ni ndala mpya. Siku ya pili ilikuwa imefika kisiginoni. Siku ya tatu nilikuwa natembea kwenye mchanga wa Katonga, ufukweni kwetu Kigoma, na beseni la dagaa kichwani, mwenzangu mmoja akanipigia kelele nyuma: "Vero! Ndala yako hii unamwachia nani?" Nikageuka. Ndala ilikuwa hatua kama kumi nyuma yangu, na mimi sikujua kwamba mguu mmoja uko peku. Tukacheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, maana sikujua ninachokicheka.

Naandika haya kwa sababu nilipougua nilitafuta mtu wa kuniambia itakuwaje, nikamkosa. Madaktari waliniambia ni nini, na waliniambia vizuri. Itakuwaje ni habari nyingine. Basi kama wewe au mtu wako ameambiwa kwamba kinga ya mwili wake imegeuka inapiga uti wake wa mgongo, soma. Mimi nimeanika dagaa miaka kumi na tatu, usitegemee maneno makubwa. Wala usitegemee kilio kingi. Sehemu kubwa ya ugonjwa huu sikuisikia, na sisemi mwilini tu.

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea ukingoni. Ndani ya wiki moja ganzi ilipanda hadi kiunoni, ikanizunguka mbavu kama kanga iliyofungwa na mtu mwenye hasira. Nikiinamisha shingo, kitu kama umeme kinashuka mgongoni. Kisha mkojo ukagoma kutoka. Hapo ndipo mume wangu, Sadoki, alipokwenda kutafuta bajaji mbio mbio, akarudi nayo hadi mlangoni kwetu Bangwe, akanibeba mgongoni mbele ya majirani. Watoto wetu wawili, Neema na mdogo wake, wakapelekwa kwa wifi yangu Ujiji.

Hospitalini nilikaa siku nne na mpira wa mkojo. Nilichojishangaa ni kwamba sikuona aibu. Niliutazama ule mfuko ukijaa kama ninavyotazama ndoo ya jirani bombani. Mama yangu alikuja kutoka Kidahwe na furushi la mihogo, akaketi pembeni ya kitanda. Mama alivuka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, na Kiswahili chake kikibanwa na huzuni kinarudi Kirundi.

"Mwana wanje," akaniambia, "ni nani umekosana naye huko kwenye dagaa?"

"Sijakosana na mtu, mama."

"Mtu hafi miguu hivi hivi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli sikuwa na hamu ya kujua.

Tukapewa barua ya kwenda Mwanza kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kuhusu safari ile ya basi nitasema jambo moja tu: mama mmoja nisiyemjua aliona ninavyoteleza kitini kila kona, akaja kukaa upande wa nje akanizuia kwa bega lake mpaka tulipofika. Sijui jina lake. Nimemwombea mara nyingi kuliko ninavyowaombea baadhi ya ndugu zangu.

Huko Mwanza nilijifunza benchi. Ukiwa mgonjwa wa muda mrefu, benchi ndio kazi yako. Unajua lipi lina msumari, unajua ukae karibu na ukuta ili uegemee, unajua usinywe chai nyingi kabla jina lako halijaitwa. Watu wanaulizana magonjwa kama wasafiri wanavyoulizana wanashukia wapi. Mzee mmoja aliniuliza, "Wewe kinachouma ni nini?" Nikamwambia hakuna kinachouma. Akanitazama kama nimekalia nafasi ya mtu.

Nilipigwa picha kwenye ile mashine ya sumaku inayogonga kama mafundi bati. Nikawekewa dripu siku tano mfululizo. Siku ya nne kidole gumba kilitikisika. Sadoki alikiona kabla yangu, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kulia pale pale wodini. Mimi nilikuwa natazama kidole kile na kuwaza kwamba kucha zinahitaji kukatwa. Nasema haya ili ikikutokea usijione huna moyo.

Nikaandikiwa vidonge vya aina mbili. Kila siku, bila kukosa, na visiachwe ghafla. Niliambiwa mara mbili, na mara ya pili muuguzi alinitaka nirudie mwenyewe kwa sauti. Nikarudia.

Tuliporudi, serikali ilikuwa imefunga ziwa ili samaki wazaliane, kwa hiyo mji mzima ulikuwa umekaa kama mimi. Hiyo ilikuwa nafuu. Hakuna aliyekuwa anafanya kazi niliyotakiwa kuwa naifanya. Mama aliniogesha kila asubuhi. Siku moja alinitia miguu kwenye beseni, akaenda kuchukua sabuni, na mimi nikawa namsimulia habari za mzee wa benchi. Aliporudi akazamisha mkono, akapiga ukelele. Maji yalikuwa ya moto sana. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeiva na mimi nilikuwa katikati ya hadithi. Kuanzia siku hiyo maji yalipimwa kwa kiwiko cha mama, kama ya kichanga.

Vidonge navyo vilileta mambo yake. Uso ulijaa hadi macho yakaonekana madogo. Nilikuwa na njaa ya kutisha. Vinywele vikaota kidevuni, Neema alipoletwa kunisalimia akauliza kama nitakuwa na ndevu kama babu. Na usingizi ukakimbia kabisa. Nilikuwa najilalia tu macho wazi, nimechoka, kichwa kinakimbia.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Sadoki alikuwa fundi wa taa za wavuvi. Dagaa wa kwetu huvuliwa usiku kwa taa: zinamulika majini, dagaa wanaifuata nuru, wavu unawapandisha. Chumba cha mbele kilijaa betri na taa za mitumbwi, zinachajiwa, zinajaribiwa. Kuta zetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo taa moja ikijaribiwa huku, kule chumbani kunakuwa mchana. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifai kitu, dagaa hawazifuati, na mitumbwi inapandishwa mchangani siku kama kumi. Ndiyo mbalamwezi. Wavuvi wanapumzika, wachuuzi wanapumzika, sisi waanikaji tunapumzika, harusi na ubatizo vinapangwa humo. Siku zinazobaki tunaziita giza, na giza ndio kazi: tunalala ufukweni, au hatulali, ili mitumbwi ikitia nanga alfajiri tuwe wa kwanza kununua.

Ziwa lilipofunguliwa nilirudi Katonga na fimbo. Wenzangu walinipa kiti na kazi ya kuchambua. Mwezi uliofuata nikaenda kliniki Mwanza, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza nalala saa ngapi.

"Giza au mbalamwezi?" nikamuuliza.

Hakuelewa. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliweka kalamu chini.

"Mama, kwenye ubongo kuna homoni ya usingizi. Inaitwa melatonini. Inatoka giza likiingia, na mwanga wa usiku unaizuia. Tulizoea kudhani kazi yake ni kulaza watu tu. Sasa inaonekana inazungumza na kinga ya mwili pia."

"Basi niandikie hiyo."

"Siandiki. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wengine wanaona inaituliza kinga, wengine wanahofia inaweza kuichochea kwa mgonjwa kama wewe. Lakini usingizi wenyewe hauna ubishi. Lala gizani, ulale kila siku, na vidonge vyako uendelee navyo."

Nilitoka pale nimebeba nusu ya maneno. Nusu niliyoibeba ilikuwa hii: mwili wangu una dawa yake, inatoka gizani.

Nilipomsimulia Sadoki habari za giza, alitundika blanketi zito juu ya ukuta siku ile ile niliyofika. Mimi nikakaa nikapiga hesabu zangu za Katonga. Nikaona hivi: wakati wa kazi nakesha kwenye taa, dawa ya mwili haitoki, kwa hiyo nahitaji vidonge. Wakati wa mbalamwezi nalala ndani, mlango umefungwa, blanketi limetundikwa, dawa ya mwili inatoka yenyewe. Vidonge vya nini? Kila kitu kwetu kinapumzika mbalamwezi. Nyavu zinapumzishwa zisioze. Mtu wa kwetu akisikia kitu hakipumziki anakihurumia. Na vile vidonge vilikuwa vimenifanya mnene, mwenye ndevu, asiyelala. Mitumbwi ilipopandishwa mchangani, navyo nikavipumzisha.

Siku kumi zile nililala kama mtoto. Mashavu yakapungua kidogo. Viungo vilikuwa vizito na niliona kizunguzungu nikisimama, lakini nikasema ni uchovu wa kazi unatoka. Giza liliporudi nikaanza tena vidonge. Mbalamwezi ya pili nikafanya hivyo hivyo, na nikajiona mjanja. Sikumwambia mtu. Mtu akiwa na uhakika na jambo lake, anamficha nani? Nilificha. Sehemu fulani ya kichwa changu ilijua.

Baada ya mbalamwezi ya tatu, mvua zikiwa zimechanganya, niliamka jicho la kulia linauma nikiligeuza. Mchana ule kanga nyekundu ya mama niliiona rangi ya tope. Jioni sikuona kanga. Siku mbili baadaye miguu yote ilikwenda, na ganzi ikapanda hadi chini ya matiti.

Bajaji, barua, basi, benchi, dripu. Sirudii. Safari hii kidole hakikutikisika siku ya nne, wala ya tano. Daktari alikaa kwenye kiti cha mgeni kando ya kitanda, jambo ambalo hawalifanyi ovyo, akasema, "Tukipata pigo jingine kama hili siwezi kukuahidi miguu, wala jicho la kushoto." Kisha akaniuliza, "Vidonge ulikuwa unakunywa?"

Sadoki alikuwa amesimama pale. Mama alikuwa pale.

"Ndiyo," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilimwona Sadoki anavyouinamisha uso. Nje, kwenye korido, nikamsikia anamwambia mama, "Ni mimi. Ni taa zangu. Blanketi halikutosha." Mama hakumpinga. Mimi nilikuwa kitandani, sauti yangu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Nikanyamaza.

Tuliporudi Bangwe, miguu ikiwa imeanza kunisogeza kutoka kitandani hadi mlangoni, nilikuta chumba cha mbele kitupu. Taa zote na betri zote alikuwa amemkabidhi fundi mwenzake, pamoja na wateja. Akaanza kubeba mizigo ya samaki, migebuka, pale Katonga, yeye mwanamume wa bisibisi, mgongo haujazoea. Nyumbani hakutaka mwanga wowote jua likizama. Tulikula mapema, tukaoga mapema. Simu yake aliiacha kwa jirani. Aligonga ugoko kwenye kona ya kitanda kila siku, mahali pale pale, na hakuwahi kulalamika. Watoto waliporudi kutoka Ujiji wakakatazwa hata tochi ya kwenda chooni, na Neema akamwuliza, "Baba, mwanga unamuuma mama?" Akamjibu, "Ndiyo, unamuuma."

Mnataka kujua nilijisikiaje. Sikujisikia kitu. Niliyaona yote hayo kwa jicho moja kama mtu anayetazama mvua kwenye shamba la mwenzake. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ilipokuja niliona ameshabeba migebuka, amechoka, nisimwongezee. Hivyo ndivyo nilivyouita uoga wangu, huruma.

Kliniki iliyofuata Sadoki aliomba kuingia nami. Daktari alikuwa na faili langu na karatasi nyingine mpya. Akatueleza polepole kwamba kama mgonjwa amekunywa vidonge vizuri na pigo limekuja, maana yake vidonge vimeshindwa. Sasa inabidi ahamie dawa nzito, ya dripu, inayopatikana kwa shida, ambayo inaishusha kinga sana kiasi kwamba kifua kidogo tu kinaweza kumlaza mtu. "Kwa mama anayefanya kazi ufukweni, ninaogopa kidogo," akasema. "Lakini hatuna njia. Vidonge tulivijaribu."

"Sisi tuko tayari," Sadoki akasema. "Hata nyumba, tutaona."

Daktari akachukua kalamu. Nilisikia kitu kinanipanda kutoka tumboni, na tumbo lile lilikuwa halisikii kitu tangu mvua zianze.

"Usiandike," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Vidonge havijashindwa. Nilikuwa naviacha. Kila mbalamwezi, siku kumi. Mara tatu."

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tena, taratibu, siku ngapi na kwa nini, nami nikamweleza hesabu yangu yote, jinsi mwili utakavyojitengenezea dawa gizani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba angalau mara hii amejua anatibu nini, akairarua ile karatasi mpya, akaandika vidonge vile vile vya mwanzo, na chini yake, kwa herufi kubwa, KILA SIKU. Kuhusu taa za Sadoki akasema usingizi mbovu haumsaidii mgonjwa, ni kweli, lakini yeye asingeweza kuzibebesha lawama ya pigo lile. Kuacha vidonge angeweza.

Sadoki alinisaidia kuinuka, akanishika kiwiko kwenye ngazi, akaninunulia maji stendi. Kwenye basi alikaa upande wa nje ili nisiteleze. Kutoka Mwanza mpaka Kigoma hakusema neno, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu ndala iniponyoke, nilisikia kila kitu. Aibu ilikuwa kila mahali. Nililia kimyakimya, kamasi zinashuka, na sikujali nani anaona.

Zimepita masika mbili. Natembea na fimbo. Jicho la kulia linaona mwanga na vivuli, la kushoto ni zima. Mguu wa kushoto bado haujui maji ya moto, na mama bado anapima kwa kiwiko akija. Sikurudi kukesha Katonga. Nanunua mchana kwa wenzangu na kuuza nyumbani. Vidonge namezea uji, kila siku, mwezi uwe mkubwa uwe mdogo. Nalala gizani, kwa sababu ni vizuri kulala gizani. Sadoki hakurudishiwa wateja wake. Fundi yule alishawazoea na wao walishamzoea, na mume wangu hakuona sawa kwenda kuwadai. Anatengeneza redio na pasi, kazi ya hapa na pale. Tuliongea, ndiyo, siku kadhaa baada ya safari ile. Aliniuliza swali moja: "Ulikuwa macho, nilipokuwa naongea na mama kwenye korido?" Nikasema nilikuwa macho. Akatikisa kichwa, akatoka nje, akarudi saa ya chakula. Hatukulirudia.

Mwezi uliopita tulikuwa benchini Mwanza tena. Pembeni yangu alikaa mwalimu kijana, dada wa kama miaka ishirini na tano, mashavu yamejaa kama yangu ya zamani. Tukaulizana. Akaniambia amechoka na vidonge, na sasa anaona nafuu, anafikiri kuvipumzisha kidogo likizo hii.

Nikamsogelea. Nikamwambia usithubutu mdogo wangu, nikamsimulia mbalamwezi tatu, jicho, miguu, na jinsi daktari alivyokuwa anakaribia kuandika dawa nisiyoihitaji. Alisikiliza mkono mdomoni. Nikamaliza. Nikamwambia ukivikosa, sema, wasije wakatibu uongo.

Sadoki alikuwa upande wangu wa pili, anafungafunga waya wa chaja uliokatika. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwambie na nyingine."

"Ipi?"

"Ya nyumbani."

Mwalimu akatutazama kwa zamu. Nikaanza upya, kutoka kwenye korido, na maneno niliyoyasikia kupitia mlango wazi, na chumba kitupu cha mbele, na chakula cha jioni tulichokula kabla jua halijazama, na kila siku niliyomwona anagonga ugoko nikasema kesho. Nilimwambia yule dada, lakini sikuwa namtazama yeye. Sadoki aliuacha waya. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, maana hata yeye hakuwahi kuisikia yote.